Kijiwe cha Mate

Ilianza na harufu ya sombe.
Ithungu hajaepua chungu bado,
mimi mlangoni nasugua magadi miguuni,
na njaa, ile njaa ya kawaida ya saa nane,
ikanipiga ngumi chini ya taya.

Nikashika. Palikuwa na yai.
Tonge la kwanza la bundu halijapoa mkononi
na yai limekuwa la bata.
Nikaacha kula, likanywea.
Jioni nikala, likarudi,
kama mdai anayejua saa ya chakula cha watu.

Katwe nzima ikawa na dawa.
Mama mkwe akasema ni matubwitubwi,
akanipaka masizi shavuni,
kisha akamvuta binti yake pembeni, akamnong'oneza,
na usiku ule Ithungu akanikagua penginepo
kwa taa ya simu, bila kuomba radhi.
Vijana wa bwawani: "Thembo, umeficha hela za chama?"
Na Bwambale, tunayesukuma naye rafu moja:
"Huo ni mkono wa yule Mkongomani uliyempunja kwenye mizani."
Sikumpunja.
Labda kilo mbili.

Siku ya tisa, homa. Usaha ukachuruzika chini ya ulimi
una chumvi kuliko ziwa.
Mtu akizeeka husemwa kala chumvi nyingi;
mimi nina miaka thelathini na saba
na nimeshaila ya mzee wa mia.
Naijua ya ng'ombe, naijua ya mboga, kwa ncha ya ulimi.
Hii sikuijua.

Bodaboda hadi Kasese, shingo upande.
Tembo wawili kando ya barabara, sikuwatazama.
Tabibu Nyakato, msichana wa juzi, vidole vya sabuni,
akaingiza kimoja chini ya ulimi, kingine nje ya taya,
akavikutanisha.
"Unakunywa maji kiasi gani?"
Nikacheka, ikauma.
Nashinda majini hadi kiunoni, mama,
maji ambayo hata nzi hawayanywi.
Ya kunywa ni chupa moja, nagawana na Bwambale.
"Basi mate yako yameganda njiani, yakafanya jiwe.
Tezi inasukuma, mlango umezibwa."
Akaandika vidonge. Akaandika maji.
Akaandika, kwa herufi kubwa, NDIMU.

Kila alfajiri nikakaa na ndimu
kama mtu anayekaa na hasira yake.
Nafyonza, nakamua taya toka nyuma kuja mbele,
ng'ombe mkaidi na mkamuaji ni mimi mwenyewe,
machozi yanatangulia,
mate yanakuja mwisho, tone, tone,
mgeni asiye na uhakika kama amealikwa.
Sikuwahi kuyahesabu.
Niliyatema viganjani kabla ya kushika mtaimbo.
Nilimtemea mwanangu utosini siku ya jina lake.
Yalinitoka nikiona ngege wa kukaanga
wa mtu mwingine.
Hakuna aliyeyatoza ushuru.

Siku ya kumi na mbili kitu kikakwaruza nyuma ya meno.
Nikakitema: punje ya mchele, ya njano, ina ncha.
Hiki?
Mimi ninayeng'oa mabamba ya mwamba ziwani,
bamba moja wanaume wawili,
hiki ndicho kilichonilaza kwenye mkeka nikilia?
Nikaita, "Ithungu, njoo uone,"
mkono ukatetemeka,
kikaangukia kwenye kibakuli cha chumvi.

Tukachambua hadi jua likapanda.
Nyeupe, kijivu, njano:
chumvi yetu haijawahi kuwa safi.
Nyakato alikwisha sema si chumvi, ni chokaa.
Ithungu hakungoja sayansi.
Akabeba kibakuli hadi ukingoni mwa ziwa,
akakipindua.
"Shika chako."

Mchana tukala sombe isiyokolea,
chapwa kama maji ya kuoshea mchele.
Niliomba mara tatu.